Pima Boti Kabla ya Kununua Mashine

Leo nataka tukae na swali moja linaloulizwa kila boti mpya ya faiba inapokaribia kutoka mikononi mwa mafundi: tuifunge mashine ya ngapi?

Mara nyingi swali hilo huulizwa boti ikiwa imeshakamilika, rangi imekauka na jina limeandikwa ubavuni. Mwenye boti anamgeukia fundi. Fundi anaitazama boti, anakumbuka nyingine ya bwana fulani iliyofanana nayo, anasema, "Funga arobaini mbili, mzee, zinatosha kabisa." Yaani mashine mbili, kila moja ya nguvu 40 za farasi. Mashine zinanunuliwa kwa mamilioni ya shilingi. Siku ya majaribio boti inatoka na watu watatu na mafuta kidogo, inakimbia vizuri, ufukweni watu wanashangilia. Mwezi unaofuata inapakia abiria kumi na mizigo yao, na boti ileile inakokota: omo imeinuka juu, tezi imezama, mashine zinalia kwa nguvu zote, nyuma kuna rundo la maji meupe na mwendo hakuna. Nahodha anapiga kelele, "Jamani sogeeni mbele! Nyie wa nyuma, sogeeni mbele!" Watu wanasogea, boti inalala kidogo, inajikongoja, halafu inapanda juu ya maji na kuanza kukimbia. Au haipandi, na safari ya saa mbili inakuwa ya saa tano.

Jambo hili linaniuma kwa sababu linaepukika kwa kalamu na karatasi. Mwenye boti huingiza akiba yake yote pale, na mara nyingi ni akiba ya ndugu pia. Hesabu ya kutabiri nguvu ya mashine ipo, imechapishwa, inatumika duniani kote, na sehemu yake kubwa haihitaji zaidi ya hisabati ya sekondari. Jioni hii tuifanye pamoja hewani.

Nianze na Charles Parsons wa Uingereza, mtu aliyekuwa na mashine yenye nguvu tele na bado boti yake ikakataa kwenda. Parsons ndiye aliyebuni tabo ya mvuke. Mwaka 1894 alishusha majini chombo alichokiita Turbinia, chembamba ajabu: urefu zaidi ya mita 31, upana chini ya mita 3. Alitarajia kasi ambayo hakuna chombo kilichowahi kuifikia. Majaribio yakaleta chini ya noti 20. Noti moja, kwa asiyeizoea, ni maili moja ya bahari kwa saa, karibu kilomita 1.85. Kwa chombo kama kile, noti 20 zilikuwa aibu.

Parsons hakukimbilia kununua nguvu zaidi. Alipima kwanza, akagundua kwamba mashine inatoa nguvu yake sawasawa. Nguvu hiyo ilikuwa ikipotelea kwenye propela. Akatengeneza tangi dogo la shaba, akaweka ndani yake propela ya kipenyo cha inchi 2, akayapasha maji moto na kuipunguza hewa, kisha akamulika taa kali na kutazama. Aliona bapa za propela zikivuta maji kwa kasi kiasi kwamba mgandamizo unashuka na maji yanachemka palepale, mapovu ya mvuke yanajaa, na propela inazunguka ndani ya mapovu badala ya kusukuma maji. Wataalamu wanaliita jambo hilo kavitesheni. Dawa yake ilikuwa kuigawa kazi: akaondoa mhimili mmoja akaweka mitatu, na kila mhimili ukabeba propela tatu. Tarehe 26 Juni 1897, wakati jeshi la majini la Uingereza limejipanga Spithead kwa sherehe za Malkia Victoria, Turbinia ilipita kati ya manowari kwa kasi ya kufikia noti 34, na boti za doria hazikuweza kuikamata. Hadi leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Newcastle.

Nimekileta kisa hiki mapema ili tuelewane juu ya jambo la msingi. Namba iliyoandikwa kwenye kifuniko cha mashine, 40 au 60 au 200, ni nguvu inayotoka kwenye mhimili wa propela. Inayofika kwenye maji na kuisukuma boti ni kidogo zaidi. Kwa boti ndogo za mwendo kasi, hesabu nusu ndiyo inayofanya kazi. Nusu nyingine inazungusha na kuchafua maji tu. Anayepanga mashine bila kuikumbuka hiyo nusu amekwishapotea.

Sasa twende kwenye boti yenyewe na maji yanayoipinga. Aliyeiweka sawa elimu hii ni William Froude, mhandisi Mwingereza aliyeanzia kwenye ujenzi wa reli. Mwaka 1872 alianza majaribio katika tangi refu la maji alilojenga karibu na nyumba yake huko Torquay, kwa fedha za serikali. Alichonga vielelezo vya meli kwa nta, kwa sababu nta ni rahisi kuchonga na ukikosea unaiyeyusha upya, akavikokota tangini na kupima nguvu inayohitajika kuvikokota. Kabla yake watu walijenga meli kwanza, kisha wakajua kasi yake baharini. Froude alionyesha kwamba kielelezo kidogo kikikokotwa kwa kasi inayolingana na kipeuo cha pili cha urefu wake, mawimbi kinayoyaumba yanafanana na ya meli kubwa. Alifariki mwaka 1879 akiwa hapahapa Afrika, Simon's Town, Afrika Kusini, na jina lake bado liko kwenye namba ambayo kila mbunifu wa vyombo huitumia.

Kutokana na kazi hiyo tunajua kitu ambacho nahodha wetu anakiona kila siku. Boti ikienda polepole inaumba mawimbi mafupi ubavuni. Ikiongeza mwendo, wimbi linarefuka, mpaka linakuwa na urefu sawa na boti: kilele kimoja omoni, kingine tezini. Kasi hiyo unaipata kwa kuchukua urefu wa boti kwenye mstari wa maji kwa mita, ukatafuta kipeuo chake cha pili, ukazidisha kwa 2.4. Boti ya mita 8: kipeuo chake ni 2.8 na kidogo, mara 2.4, unapata karibu noti 7. Hadi hapo mashine ndogo tu inatosha. Ukitaka kuvuka hapo, kilele cha nyuma kinaachwa, tezi inazama kwenye bonde la wimbi, omo inainuka, na boti inaanza kupanda mlima wa maji ilioujenga yenyewe. Kwa boti hiyo ya mita 8, mlima huo uko takriban kati ya noti 8 na noti 14. Ukiuvuka, maji yanaibeba boti kwa chini, inalala na kuteleza juu yake. Hapo ndipo boti inaitwa ya kasi kweli.

Naomba hapa tusikimbie, kwa sababu pesa nyingi za wenye boti huzama kwenye mlima huu. Boti iliyofungwa mashine pungufu haiendi pole kidogo tu kuliko ulivyotaka. Inakwama mlimani. Inakunywa mafuta ya boti ya kasi na kwenda mwendo wa ngalawa. Na propela iliyochaguliwa kwa ajili ya mwendo mkubwa haivuti vizuri katika mwendo mdogo, kwa hiyo mashine inajikaza palepale inapohitajika zaidi.

Mtu aliyeigeuza hali hii kuwa hesabu ya kufanyika mezani ni Daniel Savitsky, mtafiti wa Maabara ya Davidson katika chuo cha Stevens, mjini Hoboken, jimbo la New Jersey. Mwaka 1964 alichapisha makala iliyokusanya vipimo vya miaka mingi vya mabapa yanayoteleza juu ya maji, akatoa njia ya kukadiria ukinzani wa boti kwa kujua mambo machache: uzito wa boti, mahali uzito huo ulipo, upana wa chini, pembe ya V ya tumbo lake, na kasi unayoitaka. Zaidi ya miaka 60 imepita, na programu nyingi za kompyuta za wabunifu wa boti ndogo bado zimejengwa juu ya hesabu hiyo.

Moyo wa njia ya Savitsky ni rahisi. Boti inayoteleza huwa imeinua omo kwa pembe ndogo, na uzito wake wote unabebwa na maji yanayosukuma tumbo hilo lililoinama. Ni sawasawa na mkokoteni unaosukumwa kwenye mwinuko: mzigo uleule, mwinuko ukiongezeka, anayesukuma anataabika zaidi. Chukua boti yetu ikiwa na tani 2 kamili. Omo ikiinuka nyuzi 4, mwinuko huo peke yake unadai msukumo wa kilo 140. Ikiinuka nyuzi 8, unadai kilo 280. Umeona kwa nini nahodha anapiga kelele watu wasogee mbele? Anaipunguza pembe, na hesabu iko upande wake.

Lakini pembe ikiwa ndogo mno, tumbo kubwa zaidi la boti linagusa maji na msuguano unaongezeka. Kwa hiyo kuna mahali pazuri katikati, na kwa boti nyingi mahali hapo ni karibu nyuzi 4. Nimeifanya hesabu ya Savitsky kwa boti ya tani 2, upana wa chini mita 2, V ya nyuzi 15, mwendo wa noti 20. Mwinuko unadai kilo 140, msuguano unadai karibu kiasi hichohicho. Jumla kilo 280, yaani asilimia 14 ya uzito wa boti. Ukizidisha kwa kasi unapata karibu nguvu 38 za farasi. Ongeza upepo na mguu wa mashine uliozama majini, fika 42. Sasa kumbuka ile nusu inayopotelea kwenye propela: unahitaji mashine za jumla ya nguvu 84 hivi, bahari ikiwa shwari na tumbo la boti likiwa safi.

Kwa hiyo fundi wetu aliyesema "arobaini mbili" hakubahatisha vibaya. Macho yake yana uzoefu, na nauheshimu. Kilichokosekana ni mambo mawili: akiba ya bahari ya kusi, na uzito wa kweli. Akiba ni rahisi. Mashine isipigwe hadi mwisho siku nzima, na mwani ukishaota tumboni ukinzani unapanda, hivyo nguvu 100 ingekuwa namba ya busara zaidi. Uzito ndio mgumu.

Hebu tuuhesabu. Tuseme ganda la faiba lina kilo 900. Mashine mbili kilo 180. Petroli lita 150 ni kilo 110. Nanga, kamba, betri, maboya ya kuokolea, paa na nguzo zake kilo 100. Watu 10 wa kilo 75 ni kilo 750. Tayari tumefika tani 2 na ushei, na hakuna aliyepanda na mzigo! Sasa ongeza ndoo za samaki na barafu. Ongeza gunia la mchele la shemeji. Ongeza ngama iliyojaa maji, na mbao zilizofungiwa ndani ya faiba ambazo baada ya mwaka zimenyonya maji kimyakimya. Boti haipungui uzito kadiri inavyozeeka; huongezeka, na kila fundi anayekarabati huongeza tabaka lake. Tani 3 haiko mbali hata kidogo.

Kuna kanuni fupi ya kuona uzito unavyofanya, na ningependa kila mwenye boti aijue kwa kichwa. Ni ya George Crouch, mbunifu wa Marekani ambaye boti yake Baby Bootlegger ilishinda mashindano ya Gold Cup mwaka 1924 na 1925. Kanuni yenyewe huandikwa kwa ratili. Nikiigeuza kwa kilo, inakuwa hivi. Gawanya uzito wote wa boti, kwa kilo, kwa nguvu za farasi. Tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Chukua 100, gawanya kwa kipeuo hicho. Unapata noti, kwa boti ya kawaida inayoteleza juu ya maji.

Boti yetu: kilo 2,000 kwa nguvu 80 ni kilo 25 kwa kila farasi. Kipeuo cha 25 ni 5. Mia gawanya kwa 5 ni noti 20. Tazama jinsi njia fupi ya Crouch na njia ndefu ya Savitsky zilivyokutana karibu mahali pamoja. Sasa pakia hadi tani 3. Inakuwa kilo 37.5 kwa farasi mmoja, kipeuo chake ni 6.1, na kasi ni noti 16. Lakini hapa tahadhari: kanuni hii inakubalika tu kama boti imeshavuka ule mlima. Boti ya tani 3 kwenye noti 16 bado iko ukingoni mwake, na ikipigwa na upepo wa mbele inarudi chini. Karatasi inasema 16, bahari inaweza kukupa 10.

Na anayetaka noti 30 kwa boti ya tani 2? Anahitaji nguvu 180. Kasi imeongezeka mara moja na nusu, nguvu zaidi ya mara mbili. Mashine ya petroli ikipigwa hadi mwisho hunywa takriban lita 0.38 kwa saa kwa kila nguvu ya farasi. Kutoka Dar es Salaam hadi Unguja ni karibu maili 40 za bahari. Kwa noti 20 na nguvu 80 ni saa mbili na lita 60 hivi. Kwa noti 30 na nguvu 180 ni saa moja na dakika 20, na lita 90. Unanunua dakika 40 kwa lita 30. Kwa anayebeba wagonjwa ni bei halali kabisa. Kwa anayebeba samaki, akae na penseli kwanza. Na zile mashine kubwa zenyewe ni nzito zaidi, zinaning'inia tezini, mahali pabaya kuliko pote pa kuweka uzito.

Umbo la tumbo nalo lina neno lake. Tumbo bapa linapanda haraka na kudai nguvu kidogo, lakini kwenye wimbi la mkondo wa Pemba litakuvunja mgongo. Mwaka 1960 boti iitwayo Moppie, yenye V kali ya nyuzi 24 hivi iliyochorwa na Ray Hunt, ilishinda mbio za Miami hadi Nassau katika bahari chafu, na tangu hapo V kali ikaenea duniani. Ni nzuri, ila inakula nguvu zaidi. Kwa boti zetu za abiria mimi nasimama kwenye nyuzi 14 hadi 18. Mwenye safari ndefu na abiria wengi, njia ni matumbo mawili membamba, kama yalivyo ya katamarani zinazovusha watu kwenda Unguja; tumbo jembamba linaumba mawimbi madogo, na mlima wake ni mfupi.

Nimalizie na la kufanya. Boti ikishakamilika ganda, kabla hujalipa hata senti ya mashine, ipime. Palipo na winchi, ining'inize kwenye mizani ya kulabu. Pasipo na winchi, ishushe majini, weka alama ya mstari wa maji omoni, katikati na tezini, kisha ingiza watu na mizigo kama siku ya kazi, utazame imezama kiasi gani. Kwa boti ya mita 8, kila sentimita inayozama ni zaidi ya kilo 100. Kisha kaa na fundi, mpige ile hesabu ya Crouch kwa uzito wa boti iliyojaa, na mwambie muuzaji akupe propela itakayoifikisha mashine kwenye mizunguko iliyoandikwa na mtengenezaji boti ikiwa na mzigo huo.

Na kwa vyuo vyetu vya bahari, Chuo cha Bahari Dar es Salaam na Chuo cha Bahari cha Bandari kule Mombasa, nina ombi. Hesabu ya Savitsky inaingia kwenye karatasi mbili. Itafsirini kwa Kiswahili, iwekeni kwenye jedwali la simu, iwafikie mafundi wa faiba waliosoma hadi darasa la saba na wanaojenga boti ambazo watoto wetu wanazipanda kila siku. Mafundi hao wana mikono na macho. Wapeni na namba.